Sikio, Jicho na Sauti Iliyonaswa: Kitabu cha Kusikilizwa katika Uhakiki wa Fasihi ya Kiswahili

Utangulizi

Mjadala kuhusu mipaka baina ya usimulizi na uandishi si mgeni katika taaluma ya fasihi. Tangu Ruth Finnegan alipochapisha kitabu chake juu ya fasihi simulizi ya Afrika mwaka 1970, na hasa baada ya Walter Ong kutoa kitabu chake kuhusu usimulizi na uandishi mwaka 1982, wahakiki wamezoea kuzipambanua kazi za sanaa kwa kutazama njia zinamopitia: mdomo na sikio kwa upande mmoja, kalamu na jicho kwa upande wa pili. Kitabu cha sauti, yaani kitabu kilichoandikwa kisha kikasomwa na kunaswa ili kisikilizwe, kinauvuruga mpaka huo. Ni fasihi andishi, lakini inamfikia mpokeaji kwa sikio. Ndiyo maana walimu na wanafunzi huulizana: je, aliyeisikiliza riwaya ahesabiwe kuwa ameisoma? Makala haya yanadai kwamba swali hilo, jinsi linavyoulizwa, halina manufaa makubwa kwa mhakiki. Yenye manufaa ni maswali mawili mengine: matini inayohusika iliundwa kwa ajili ya kiungo kipi, na ni nani aliyekwisha kuifasiri kabla haijamfikia msikilizaji?

Chimbuko la kitabu cha sauti

Kitabu cha sauti kilizaliwa kutokana na haja ya watu wasioona. Thomas Edison, aliyebuni fonografu mwaka 1877, alivitaja vitabu vya wasioona miongoni mwa matumizi ya chombo chake. Vitabu vya santuri vilianza kusambazwa kwa wasioona nchini Marekani mwaka 1934, na nchini Uingereza mwaka 1935, ambako miongoni mwa vya mwanzo vilikuwa riwaya ya Agatha Christie, The Murder of Roger Ackroyd, na Typhoon ya Joseph Conrad. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 2017, unaruhusu vitabu vitolewe kwa namna zinazowafaa wasioona pasipo kuvunja haki za watunzi. Historia hii ina uzito katika mjadala. Anayeshikilia kwamba kusikiliza si kusoma anamfungia nje ya fasihi mwanafunzi asiyeona, ambaye pengine ameijua riwaya kwa undani kuliko wenzake waliopitisha macho tu juu ya kurasa.

Wanasaikolojia nao wamelipima suala hili. Utafiti wa Beth Rogowsky na wenzake, uliochapishwa mwaka 2016, haukupata tofauti ya maana kati ya waliosoma na waliosikiliza sehemu za kitabu kilekile, kwa kigezo cha yale waliyoyaelewa na kuyakumbuka. Hata hivyo, kitabu kilichotumiwa kilikuwa cha nathari ya kihistoria, na kilichopimwa ni habari iliyobaki akilini. Mhakiki hawezi kuridhika na kipimo hicho peke yake, kwa kuwa katika kazi ya sanaa fani haitenganiki na maudhui.

Matini ya sikio

Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa katika eneo la Lamu mnamo mwaka 1858, unaanza kwa tukio lenye mafunzo makubwa. Mama aliye mgonjwa anamwita bintiye, anamtaka alete wino na karatasi, kwani moyoni ana maneno ya kumwambia. Sauti na kalamu zinakutana mlangoni mwa utungo. Kinachosemwa kinaandikwa, na kinachoandikwa kinakusudiwa kisemwe tena. Wengi walioupokea utendi huo waliupokea kwa kuusikia ukighanwa, wakauhifadhi kwa moyo, ingawa miswada ilikuwepo.

Muundo wenyewe unathibitisha hivyo. Kila ubeti una vipande vinne vya mizani 8. Vitatu vya mwanzo vina kina kimoja, na cha nne kina kina kinachorudi mwishoni mwa kila ubeti, toka mwanzo hadi mwisho wa utungo. Kwa jicho, kina hicho ni pambo la pembeni mwa ukurasa. Kwa sikio kina kazi: humwarifu msikilizaji kwamba wazo limekamilika, naye hupata nafasi ya kulitafakari kabla ya ubeti unaofuata.

Hati zilizotumiwa nazo zilitegemea sikio. Maandishi ya Kiarabu yana alama 3 za irabu ilhali Kiswahili kina irabu 5, na katika miswada mingi herufi moja ilibeba sauti zaidi ya moja. Aghalabu msomaji wa mswada alikuwa mtu aliyekwisha kuusikia utungo. Hati ilimkumbusha tu. Hati ya Kilatini ilipoingia, iliondoa utata huo wa irabu lakini ikaficha mengine. Katika Kimvita, paa la nyumba na paa mnyama hayatamkwi sawa, kwani neno la pili lina mpumuo. Vivyo hivyo kaa la moto na kaa wa baharini. Tahajia sanifu inayaandika maneno hayo namna moja. Kwa hiyo diwani ya Muyaka iliyopigwa chapa inamfikia msomaji wa bara ikiwa imepungukiwa na sauti ambazo mtunzi na hadhira yake ya Mombasa walizisikia wazi. Kwa matini za aina hii, sauti iliyonaswa ina uwezo wa kurejesha kilichopotea chapani.

Uwezo huo, hata hivyo, hautokei wenyewe. Msomaji asiyeijua lahaja ya utungo atazifuta tofauti hizo kwa ulimi wake, na anayeusoma utenzi kama taarifa ya habari ataua mahadhi. Aidha, vifaa vya kisasa humruhusu msikilizaji kuiharakisha sauti mara 1.5 au mara 2. Mizani zitabaki 8 kwa hesabu, lakini kituo cha mwisho wa ubeti, ambamo wazo lilipaswa kutua, kitapita kabla halijatua.

Matini ya jicho

Kwa upande mwingine, zipo kazi za Kiswahili zilizoundwa kwa ajili ya ukurasa. Katika Nagona (1990), Euphrase Kezilahabi aliuvunja msuko uliozoeleka: wakati na mahali havina mfululizo, ndoto na uhalisi vinaingiliana, na msafara wa msimulizi kuutafuta ukweli hausongi mbele kwa mstari ulionyooka. Riwaya ni fupi kwa kurasa, lakini haisomeki kwa haraka. Inamlazimu msomaji asimame, arudi nyuma, alinganishe taswira ya hapa na ya kule. Msikilizaji naye aweza kurudisha sauti nyuma, lakini hujirudisha gizani, akipapasa, kwa kuwa hana ukurasa wa kuutambua kwa jicho. Ushairi wa kisasa unatoa mfano ulio wazi zaidi. Kithaka wa Mberia ametunga mashairi ambayo mpangilio wa herufi na maneno ukurasani ni sehemu ya maana. Shairi la namna hiyo likisomwa kwa sauti, yanayosikika ni maneno yake. Umbo limebaki kitabuni.

Sauti isiyojibu

Wapo wanaodai kwamba kitabu cha sauti kinairudisha fasihi kwa fanani na hadhira yake. Dai hili halina budi kupimwa. Katika Decolonising the Mind (1986), Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza jinsi riwaya yake ya Kikikuyu, Caitaani Mũtharaba-inĩ (1980), ilivyosomwa kwa sauti katika familia, mabasini na vilabuni. Msomaji wa kilabuni alipofika penye utamu akaona glasi yake tupu, alikiweka kitabu chini mpaka wasikilizaji wamnunulie kinywaji kingine. Hadhira ilikuwa na nguvu juu ya usomaji, na msomaji alikuwa na nguvu juu ya hadhira. Waliweza kukatizana, kubishana, kucheka pamoja.

Sauti iliyonaswa haina glasi. Haijui kama msikilizaji amelala au analia. Katika Phaedrus ya Plato, Socrates anayalaumu maandishi kwa kuwa yakiulizwa swali hurudia jambo lilelile. Lawama hiyo inaiangukia sauti iliyonaswa sawasawa. Kwa mlio inafanana na fanani. Kwa tabia inafanana na chapa. Tena inazidi chapa kwa jambo moja: imekwisha kuchagua. Pale ambapo ukurasa unaacha wazi iwapo mhusika anasema kwa kejeli au kwa huruma, kiimbo cha msomaji kimeamua. Mama wa utendi akisomwa kwa ukali, wosia wake unakuwa amri. Akisomwa kwa unyonge wa ugonjwa, unakuwa kwaheri. Fasiri zote mbili zina hoja, lakini msikilizaji amepewa moja tu, na huenda asijue kwamba amepewa.

Hitimisho

Imedhihirika kwamba kusikiliza na kusoma si daraja mbili ambazo moja ni halali na nyingine haramu. Utenzi unapungukiwa chapani. Nagona inapungukiwa sautini. Kitabu cha sauti kinafaa kuhakikiwa kama tendo la ufasiri, na msomaji wake atajwe na kuhukumiwa kama mwigizaji jukwaani au mfasiri wa tamthilia: lahaja yake, vituo vyake, kiimbo chake. Mwanafunzi anayesikiliza kwa sababu haoni, au kwa sababu nakala za kitabu hazitoshi darasani, anastahili kusikia sauti zaidi ya moja ya kazi ileile inapowezekana, ili apate nafasi ambayo ukurasa humpa mwenziwe: nafasi ya kukataa fasiri aliyopewa na kujitafutia yake.