Uani kwa Seydou Keïta

Ukitaka kumpima mpigapicha, acha uso kwanza, tazama mikono. Uso umezoea kutazamwa na unajua kujistahi. Mikono ndiyo hubabaika. Inatafuta mfuko, inavuta ncha ya mtandio, mwishowe inaning'inia tu. Katika picha za Seydou Keïta wa Bamako, Mali, ni vigumu kupata mkono uliokosa kazi. Mmoja umekaa begani kwa dada, mwingine umeegemea redio, mwingine umelazwa pajani, vidole vimekunjuliwa ili pete na saa vionekane. Iko picha yake ya mwaka 1959, ya kijana mwenye miwani mizito na suti ya rangi nyeupe, kashika ua moja. Vidole vyake virefu vinalishika ua lile kwa wepesi hata unaamini kwamba ndivyo anavyoshika kila kitu.

Keïta alikuwa seremala. Mwaka 1935 ami yake alirudi kutoka Senegal na kamera ndogo ya Kodak Brownie, akampa. Mengine alijifunza kwa kujaribu, na kwa msaada wa Mountaga Dembélé, mwalimu wa shule aliyekuwa na chumba cha kusafishia picha. Mwaka 1948 akafungua studio yake mwenyewe, si mbali na stesheni ya reli iliyokwenda Dakar, na wasafiri wakawa wateja. Biashara ilikuwa biashara: mtu analipa, anataka kupendeza. Asiye na suti aliazimwa palepale, pamoja na tai, saa, kalamu ya mfukoni, hata pikipiki ya Vespa ya kuegemea.

Filamu ilikuwa ghali, kwa hiyo mteja kwa kawaida alipigwa picha moja tu. Sisi wa simu tunapiga mia tukitumaini moja itatoka. Yeye alilazimika kumaliza kazi kabla kidole hakijabonyeza. Ukutani alitundika picha za mfano, mteja achague mkao anaoupenda, kisha yeye ndiye aliyeurekebisha. Mtu akikaa kifua kikiielekea kamera, mabega sawa, hutoka kama yuko kwenye kitambulisho. Keïta alipenda kumgeuza kiwiliwili upande kidogo na uso kuurudisha kwenye kamera. Kwa mgeuko huo mdogo shingo inaonekana, bega la mbele linashika nafasi, na nguo inapata mikunjo ya kuanguka nayo. Wapigapicha wengi wa mitindo leo wanahangaika na kiuno na miguu, wakati gauni huuzwa na bega.

Katika kamera kubwa ya aina aliyoitumia, mpigapicha hujifunika kitambaa cheusi na kuiona taswira kwenye kioo ikiwa imepinduka, kichwa chini miguu juu. Nadhani hilo lilimsaidia. Taswira iliyopinduka humsahaulisha mtu kwamba anamtazama Bi Fulani. Anabaki na maumbo tu, weupe hapa, weusi pale, pengo kati ya kiwiko na ubavu. Nakala nazo zilitoka kwa saizi ileile ya filamu, sentimita 13 kwa 18. Alichokikosea pembeni kingebaki pembeni.

Kinachonistaajabisha zaidi ni vitambaa. Pazia lake la kwanza lilikuwa shuka la kitandani kwake, lenye tamvua. Baadaye alikuwa akibadilisha pazia kila baada ya miaka miwili au mitatu, na leo picha zake hukadiriwa mwaka kwa kuangalia pazia lililo nyuma. Mapazia mengi yalikuwa na nakshi, na akina mama walifika na magauni mapana ya boubou yenye nakshi zao. Kitabu chochote cha kufundisha kitakukataza kumweka mtu wa maua mbele ya ukuta wa maua. Yeye aliweka, tena katika picha ya mwanamke aliyejinyoosha akiegemea kiwiko, nakshi ziko tatu: ya nguo, ya tandiko, ya pazia. Mwanamke hapotei. Uso na mikono ndivyo vitu pekee visivyo na nakshi, na jicho likishachoka kutangatanga hutua hapo. Anayevaa kanga mbele ya pazia la kanga analo la kujifunza.

Mwanga alioupenda ni wa mchana, wa uani. Tazama vivuli: ni laini, vinaingia polepole chini ya kidevu, na shavu moja linang'aa kuliko lingine. Ngozi nyeusi huonesha umbo lake kwa pale inapong'aa. Ukiipiga flashi ya usoni, mng'ao unazagaa kote na uso unakuwa bapa. Taa za duara zinazouzwa kila duka la simu zina kosa hilohilo (na zinaacha pete machoni, jambo ambalo binafsi silivumilii). Jua la saa saba la Dar es Salaam nalo hugeuza macho kuwa mashimo. Mlango ulio kivulini unatosha: mpigwa picha asimame ukingoni, uso kwenye anga, giza la chumba nyuma yake. Simu ikiona kanzu nyeupe au ukuta mweupe hupunguza mwanga na kuuzamisha uso, kwa hiyo gusa uso kwenye kioo na uongeze mwanga mwenyewe.

Mwaka 1994 taasisi ya sanaa ya Fondation Cartier ya Paris ilimfanyia maonesho, picha za uani zikiwa zimekuzwa na kutundikwa ukutani. Zilihimili. Alifariki jijini humo mwaka 2001. Picha zake nyingi zimechapishwa vitabuni na zinapatikana kwa urahisi mtandaoni; kabla hujanunua taa nyingine, kaa nazo jioni moja.