Mbolea ‘feki’ au ‘duni’? Uzito wa neno mbele ya kamati za Bunge

Kazi ya kamati ya Bunge ni kuuliza. Katiba ya mwaka 2010 imezipa kamati zetu meno: Kifungu cha 125 kinaziruhusu kumwita mtu yeyote atoe ushahidi, nacho Kifungu cha 153 kinamtaka waziri afike mbele ya kamati anapohitajika na kujibu maswali kuhusu kazi yake. Wanasheria wameandika mengi kuhusu meno hayo. Mimi mwanaisimu nataka kuutazama ulimi.

Chukua kashfa ya mbolea ya ruzuku ya mwaka 2024. Mbolea hiyo iliwafikia wakulima kupitia maghala ya Bodi ya Nafaka na Mazao (NCPB), msimu wa upanzi ukiwa umewadia. Hapa Cheptiret, barabara ya Kesses inapochepuka kutoka ile ya Eldoret kuelekea Nakuru, hayo hayakuwa mambo ya kusoma gazetini tu. Mahindi ya Uasin Gishu hupandwa mara moja kwa mwaka. Mkulima akitia shambani kitu kisichofaa, hana msimu wa pili wa kujaribu bahati, na karo ya watoto ndiyo hiyo imeshazikwa mchangani.

Mnamo Mei 2, 2024, wabunge 149 waliunga mkono hoja ya Mbunge wa Bumula, Jack Wamboka, ya kumtimua Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Mithika Linturi. Kwa mujibu wa Katiba, kamati teule ya wanachama 11 iliundwa, ikaongozwa na Naomi Waqo na kupewa siku 10. Wanachama saba waliamua kwamba tuhuma hazikuthibitishwa, wanne wakawa na maoni tofauti. Hoja ikafia hapo.

Sikusudii kuifufua kesi hiyo. Ninachohakiki ni msamiati wake. Mkulima alisema amenunua mbolea ‘feki’. Magazeti yaliandika ‘ghushi’ na ‘bandia’. Wizara nayo ilishikilia kuwa mbolea hiyo ‘haikufikia viwango’. Haya si maneno ya kubadilishana kama sarafu. Kughushi ni kitendo: pana mtu aliyekusudia kudanganya, hivyo neno hilo humtafuta mtuhumiwa. ‘Duni’ au ‘isiyofikia viwango’ ni sifa ya kitu. Humtazama mfuko, halimtazami aliyeujaza. Ukikubali neno la pili, swali la ‘nani?’ linageuka kuwa ‘kwa kiasi gani?’, na wataalamu wa maabara wanachukua nafasi ya wapelelezi. Kamati makini ingeanza kikao kwa kuafikiana kuhusu neno, na kumtaka kila shahidi aeleze anakusudia nini analitumia.

Kuna hila nyingine iliyojificha kwenye vitenzi. Kila mwanafunzi wa sekondari anazijua kauli za kutendwa na kutendeka. Ukisema ‘pesa zililipwa’, bado nafasi ipo ya kuuliza ‘na nani?’ Ukisema ‘pesa zilitumika’, sarufi yenyewe imefunga mlango. Huwezi kuongeza ‘na fulani’ kwenye kitenzi hicho, kama usivyoweza kusema ‘kikombe kimevunjika na Juma’. Halafu kuna ‘dosari zilijitokeza’. Hapo kiambishi ‘ji’ kinatuambia kwamba dosari zilijitoa zenyewe! Wasikilize mawaziri wetu wanapohojiwa, wa serikali hii na za awali, utavisikia vitenzi vya aina hiyo vikipangwa kama matofali.

Wabunge nao hawajasalimika. Wengi hutoa hotuba, kisha mwishoni wanabandika ‘je, unakubali kwamba hali ni mbaya?’ Swali la ‘je’ hulipwa kwa ‘ndiyo’ au ‘la’, au kwa hotuba nyingine. Maswali yanayombana mtu ni yale mafupi: nani alitia sahihi? Lini? Mifuko mingapi? Uliambiwa siku gani, na siku iliyofuata ulifanya nini?

Vipi kuhusu miswada? Mzee Jomo Kenyatta aliamuru Kiswahili kitumike Bungeni mwaka 1974, lakini miswada iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Kifungu cha 120 cha Katiba ya sasa kinataja Kiswahili, Kiingereza na Lugha Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi za Bunge. Hata hivyo, Mswada wa Fedha wa 2024 ulipofikishwa mbele ya umma, ni vijana waliojitolea kuutafsiri na kuufafanua kwa lugha za Kenya mitandaoni. Tunajua kilichofuata mwezi Juni. Kamati inaalika maoni ya wananchi kuhusu maandishi ambayo wengi wao hawawezi kuyasoma, kisha tunauita huo ushirikishaji wa umma?

Tafsiri, zaidi ya kumsaidia mwananchi, humsaidia mbunge mwenyewe kuchunguza. Kipengele kikisema waziri ‘anaweza’ kutunga kanuni, mfasiri atalazimika kuuliza: ana uwezo, ana ruhusa, au ana wajibu? Mbunge aliyekisoma haraka haraka kwa Kiingereza huenda asigundue kwamba pana swali.

Atakayesema Kiswahili hakiwezi kazi hiyo na atazame Dodoma. Februari 2008, kamati teule ya Bunge la Tanzania chini ya Harrison Mwakyembe iliwasilisha kwa Kiswahili ripoti yake kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond. Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu. Sidai kwamba ni lugha iliyomwangusha. Nadai tu kwamba ripoti hiyo haikuhitaji mkalimani ili mwananchi ajue nani ametajwa na kwa lipi.

Kwa hiyo nina mapendekezo mawili kwa makarani wa Bunge letu. Kila mswada unaopelekwa kwa wananchi uambatane na tafsiri ya Kiswahili iliyofanywa na wataalamu wanaolipwa, si na vijana wenye bando la usiku. Na katika ripoti za kamati, kila kitenzi kinachohusu pesa za umma kipewe mtenda. Mkulima wa Cheptiret anajua mbolea haijiuzi.