Istiara Si Kufuru: Funzo Kutoka Misri

Mtahiniwa, ukiulizwa ujadili mgogoro kati ya uwazi wa kitamaduni na msimamo mkali wa dini, usikimbilie kuandika kwamba dini ni adui wa fasihi. Hebu kwanza tutazame yaliyompata Naguib Mahfouz wa Misri, Mwislamu na mwandishi wa kwanza wa Kiarabu kupata Tuzo ya Nobel ya fasihi (1988).

Riwaya yake, Awlad Haratina, ilitolewa kwa mfululizo katika gazeti la Al-Ahram mwaka 1959. Mandhari ni mtaa wa Kairo. Mwasisi wake, Gabalawi, amejifungia katika jumba lake huku wajukuu wakinyanyaswa na wababe. Wanazuka wakombozi: Gabal, Rifaa, Qasim na mwishowe Arafa. Hii ni istiara. Watatu wa kwanza wanatukumbusha Musa, Isa na Muhammad. Arafa anawakilisha sayansi. Hata sura za riwaya ni 114, sawa na za Kurani.

Maulamaa wa Al-Azhar waliipinga. Ikatoka kama kitabu mwaka 1967, tena Beirut. Kupinga kazi ya fasihi ni haki ya msomaji yeyote. Lakini Oktoba 1994 kijana mwenye msimamo mkali alimdunga Mahfouz kisu shingoni, mzee wa miaka 82. Mkono wake wa kuandikia ukadhoofika. Na kijana huyo hakuwa ameisoma riwaya yenyewe!

Mwalimu mwenzangu, kosa hilo lina sura ndogo darasani mwetu. Mwanafunzi anayemhukumu mtunzi kwa maneno ya mhusika, au anayetegemea mwongozo bila kufungua kitabu, amekwisha kuingia njia ile ile.

Uwazi, kwa upande wake, si kumdharau anayeamini. Mahfouz alikataa riwaya hiyo ichapishwe Misri bila ridhaa ya Al-Azhar. Ilipochapishwa huko baada ya kifo chake (2006), ilitanguliwa na maelezo ya msomi wa fikra za Kiislamu, Ahmed Kamal Aboulmagd. Mwenye imani aliisoma istiara kama istiara.

Basi, mtahiniwa, jibu lako lionyeshe pande tatu: mtunzi, muumini anayepinga kwa hoja, na mwenye siasa kali anayepinga kwa kisu. Ukiwachanganya wawili hawa wa mwisho, utapoteza alama. Na jamii ikiwachanganya, hupoteza zaidi.