Mwanafunzi wa kilimo anaenda kufanya nini ku konferansi ya ordinateri?

Wandugu, kila mwaka tunaona jambo moja. Mwanafunzi anapata barua kwamba amekubaliwa ku konferansi fulani ya akili bandia, inchi ya kigeni. Anatafuta burse, anatafuta pasipoti, familia inachanga. Akirudi tunaona picha: badji shingoni, mufuko wenye maandishi ya konferansi, yeye pembeni ya profesa mumoja mukubwa. Tunamuandikia "félicitations" mia moja. Kiisha siku tatu mambo yanakwisha. Hakuna anayemuuliza: ulikuta nini kule? Kazi gani ilikupendeza, na gani ilikuwa bure kabisa?

Tunachambua nyimbo, tunachambua mechi, tunachambua hotuba za wanasiasa. Konferansi hatuchambue, kama vile ni misa. Mimi naona inapashwa kuchambuliwa zaidi ya hivyo vyote, juu feza ya kuenda kule mara nyingi imetoka kwa mama anayeuza unga wa muhogo.

Nachukua ile iliyofika karibu yetu. ICLR ni konferansi ya watafiti wa akili bandia iliyoanza 2013. Waanzilishi wake ni Yoshua Bengio na Yann LeCun. Mwaka 2020 ilipashwa kufanyika Addis Ababa, korona ikakuja, yote ikapita kwa intaneti. Kiisha tarehe 1 mupaka 5 mwezi wa tano 2023 ikafanyika Kigali. Ilikuwa mara ya kwanza moja ya zile konferansi nene za kazi hii kukutanisha watu uso kwa uso ku Afrika. Ukitoka Goma, bus inafika Kigali bila kulala njiani. (Najua, mupaka mwaka ule haukuwa rahisi na vita ilikuwa inaendelea. Hiyo ina siku yake.)

Kufika Afrika haikuwa zawadi tu. Mwaka 2018 konferansi nyingine ya aina hiyo, NeurIPS, ilikuwa Montréal. Watafiti wengi waliopashwa kuja ku kikao cha Black in AI, lile shirika ambalo Timnit Gebru na Rediet Abebe walianzisha 2017, walinyimwa viza ya Kanada. Mwaka 2019 ikawa Vancouver na mambo yakarudia. Mutu ameandika kazi yake, imekubaliwa, lakini ubalozi unamushuku kwamba hatarudi kwao. Kwa hiyo wanafunzi wanaosema "konferansi ni ya wazungu" wako na sehemu ya ukweli, lakini sehemu tu. Kigali ilionyesha kwamba mulango unaweza kusogezwa.

Sasa, ndani ya mulango kuna nini?

Kitu kizuri kwanza. Ku konferansi hizi kazi nyingi zinaonyeshwa kwa afishi. Mwenye kazi anasimama mbele ya karatasi yake kubwa, na mutu yeyote anakuja kumuuliza. Hakuna jukwaa, hakuna "mheshimiwa profesa, naomba ruhusa". Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anaweza kumuambia daktari: huu mustari wa pili siuelewi, nifasirie. Kwetu mwanafunzi anaweza kumaliza miaka mitano bila kumuuliza profesa swali hata moja ambalo liko na hatari ndani yake. Hiyo peke yake inalipa bus.

La pili ni kubwa zaidi, na halihitaji hata bus. ICLR inaweka hadharani, ku OpenReview, maoni ya wakaguzi juu ya kazi zilizotumwa. Unaona mukaguzi anasema "jaribio hili halitoshi", unaona mwandishi anajibu, unaona wanabishana, na mwisho unaona kazi imekubaliwa ao imekataliwa na sababu yake. Linganisha na siku ya kutetea TFC. Jury inatoka chumbani, inatangaza "distinction", watu wanapiga makofi, mama analia. Ukurasa gani ulikuwa muzaifu, hutaujua mupaka kufa. Kama uko na mega kidogo ku telefone, soma mabishano matano ya OpenReview mbele ya kuandika TFC yako. Yako kwa Kiingereza, ndiyo, na Kiingereza kinatuchosha. Lakini ni masomo ya bure ambayo hatupewe fasi nyingine.

Bon. Sasa kasoro, na hapa nasema kama mutu aliyesomea muhogo.

Konferansi hizi zinapenda namba moja: kwa mia ngapi modeli imejibu sawa. Ukipandisha namba, uko na kazi. Ukileta swali ambalo linashusha namba, unapata shida kueleweka. Mufano mwema haukutoka Kigali yenyewe, lakini ni wa familia ileile. Mwaka 2019, pamoja na warsha ya konferansi ya CVPR kule Marekani, walifanya mashindano ya kutambua magonjwa ya muhogo kwa picha za majani zilizopigwa Uganda. Kazi iliongozwa na maabara ya akili bandia ya Makerere. Mwisho wa 2020 yakarudiwa ku Kaggle na picha zaidi ya 21,000, timu zaidi ya 3,000 za dunia nzima. Washindi walifika karibu 91 kwa mia.

Ukisikia 91 kwa mia unapiga makofi. Lakini fungua zile data. Zaidi ya nusu ya picha, karibu 60 kwa mia, ni za ugonjwa mumoja: mosaiki. Maana yake modeli ya kijinga kabisa, ambayo haitazame kitu, inayosema "mosaiki, mosaiki, mosaiki" kwa kila picha, tayari inapata karibu 60. Basi 91 inaanza kuonekana namna nyingine.

Endelea kufungua. Kuna kundi moja lenye herufi CGM. Ku mashindano ya 2019 herufi hizo zilimaanisha akariani ya kijani, kale kadudu kadogo ambako kila mwanafunzi wa agronomia anakajua, kanakonyonya majani. Ku mashindano ya 2020, CGM ilefasiriwa kuwa "green mottle". Hilo ni jina la ugonjwa wa virusi ulioandikwa kutoka visiwa vya Solomon, kule Pasifiki! Kadudu na virusi hutibu vile vile? Herufi tatu zilibaki sawa, maana ikageuka, na mashine zikaendelea kujifunza bila shida, juu mashine haijali jina. Mulimaji anajali. Kadudu kana wadudu wanaokakula. Virusi unasafiri ndani ya kipande cha kupanda.

Na hapo tunafika ku neno ambalo linaniuma kweli. Ule ugonjwa wa michirizi ya kahawia, CBSD, kwetu unajulikana: ripoti ya 2012 iliuthibitisha Kivu ya Kaskazini. Ubaya wake ni kwamba jani linaweza kuonekana karibu zima. Dalili zinajificha ku majani ya chini yaliyozeeka, zingine hazionekane vizuri. Unakuja kuchimba kiisha mwaka, muzizi ndani ni kahawia, kavu, haufae hata kwa bugali. Sasa fikiria mulimaji anapiga picha jani, telefone inamuambia "muzima". Anakata vipande vya muti ule, anapanda, anamugawia jirani, jirani anapeleka kwa shemeji yake. Modeli imekosea ku picha moja tu, namba yake haishuke hata kidogo. Kijiji kimepata ugonjwa.

Nisiwe mutu wa kusema mabaya tu. Kuna waliolifikiria jambo hili. Nuru, programu ya PlantVillage iliyotengenezwa na watu wa Pennsylvania State University pamoja na IITA, ilipimwa shambani na ikatambua dalili za majani vizuri kuliko wakulima na hata kuliko maagronomu wa kijijini. (Hiyo tuimeze polepole, sisi wenye diplome.) Na walikuta kwamba kutazama majani sita ya muti mumoja kunapita sana kutazama jani moja. Ona vizuri: maendeleo hayo hayakutoka ku hesabu ngumu. Yalitoka kwa kujua kwamba muti wa muhogo siyo jani. Mwanafunzi yeyote wa mwaka wa pili agronomia angelisema, kama angelikuwa amesimama pale mbele ya afishi.

Njo maana siamini kwamba mwanafunzi wetu anakosa kitu cha kusema kule. Shida ni namna anavyoenda. Anaenda kama mugeni wa harusi: anakula, anapiga picha, anashukuru. Ao mbaya zaidi, anaingizwa ndani ya mradi kama mupiga picha. Anatembea kilomita kumi ku matope, anapiga picha elfu mbili, na jina lake linakuja mwisho kabisa, ku shukrani, pamoja na dereva. Hapo sioni haya kusema: uliza mapema. Mbele ya kupiga picha ya kwanza, uliza jina lako litaandikwa wapi, na nani ataamua jina la ugonjwa. Kama jibu ni "tutaona", umeshajibiwa.

Watu wa lugha walituonyesha kwamba inawezekana namna nyingine. Masakhane, lile kundi la watafiti wa lugha za Afrika, mwaka 2020 walitoa kazi yenye waandishi zaidi ya 40 juu ya kutafsiri lugha zetu kwa mashine. Ndani mulikuwa watu ambao hawakusomea ordinateri: walijua lugha, na kujua lugha kukahesabiwa kuwa utafiti. Kilimo tunangoja nini? Kujua muzizi siyo utafiti?

Sisi tunafundishwa kupima CBSD ku muzizi kwa daraja la 1 mupaka 5. Tunachimba, tunakata, tunaandika ku karatasi, karatasi inaingia TFC, TFC inaingia kabati ya faculté, panya wanaisoma. Kule ku konferansi wako na picha za majani kwa maelfu. Kinachokosekana kwao ni muzizi wa muti uleule. Kwa hiyo wale wenu mutakaovuna shamba la jaribio msimu huu: muti mbele ya kungolewa, mupe namba. Piga picha majani sita, ya chini usisahau. Chimba, kata muzizi fasi tano, piga picha kila kipande, andika daraja, namba ileile. Miti mia mbili inatosha kuanza. Andikeni tarehe, aina ya muhogo, na kijiji, bila jina la mulimaji kama hakuruhusu. Kiisha tafuteni mumoja wa informatique ambaye anakubali kwamba majina ya waandishi yataandikwa pamoja, naye atafute konferansi.