Kiwambo cha Ami

Mvua za mwaka zilipoanza Mombasa, sikio la kushoto likaanza kufifia. Halikukatika ghafla kama redio iliyoishiwa betri. Lilijitoa taratibu, wimbo baada ya wimbo, kama mgeni anayeaga barazani huku bado ana maneno, na kufikia siku ya nne muziki wote ulikuwa umehamia kulia. Nilizima amplifaya, nikachomoa plagi, nikazifunika hedifoni kwa kitambaa chake cha bafta na kuzirudisha sandukuni pamoja na vifuko vyake vya kukausha unyevu. Kisha nikangoja. Ami, aliyeniachia vitu hivi, alinifunza kwamba sehemu kubwa ya kazi hii ni kungoja.

Ni hedifoni za umemetuli, Stax Lambda, alizozinunua Yokohama mwanzoni mwa miaka ya 1980 meli yao ilipolala bandarini siku kadhaa. Ami alikuwa baharia wa chumba cha injini. Maisha yake ya ujana yalipita kando ya mashine ambazo ukitaka kusema na mwenzako ni lazima umwekee mdomo sikioni, na siku zote nimeamini kwamba ndiyo sababu alitoa pesa za miezi mingi kwa chombo ambacho sifa yake ya kwanza ni ukimya. Wenzake walirudi Kilindini na televisheni na saa. Yeye aliteremka na boksi moja la kadibodi alilolikumbatia kwa mikono miwili, akakataa kumpa hamali.

Wajapani waliozitengeneza hawakuziita hedifoni. Waliziita spika za sikio, na ukizivaa unakubali. Kila upande ni kisanduku cha mstatili chenye wavu, na sauti haisukumwi ndani ya kichwa. Inakaa mbele na kando yako, kama watu walioketi chumba kimoja nawe. Waya wake si waya wa kawaida bali utepe mpana, bapa, ambao ami hakuukunja hata mara moja kwa pembe kali. Aliuviringisha kama mwanamke anavyoviringisha mkeka mpya.

Ndani ya kila kisanduku mna utando wa plastiki wenye unene wa mikroni 2 hivi. Unywele wa kichwani una kama mikroni 70. Utando huo umewambwa katikati ya mabamba mawili yenye matundu, nao haugusi hili wala lile. Umetiwa chaji ya volti 230, umeme uliotulia usiokwenda popote. Muziki hupita kwenye mabamba: moja likivuta, la pili linasukuma, na utando mzima, ukingo hadi ukingo, unakwenda kwa pamoja. Hamna koili wala koni ya karatasi ya kubebeshwa mzigo wa sauti. Kinachotikisika ni chepesi kiasi kwamba hewa iliyo mbele yake ndiyo nzito.

Kiswahili kina neno lake la kitu kama hiki, kiwambo, na kazi ya kukitengeneza ni kuwamba, neno lile lile la ngoma na la kitanda cha kamba. Ami alipenda sana kwamba neno lilikuwepo tayari kabla ya chombo kufika. Alinieleza kwa methali ambayo kila mtoto wa pwani ameisikia, ya mwamba ngoma na ngozi anayoivutia kwake.

“Hapa ni kinyume, mwanangu,” akaniambia. “Mwamba huyu akiuvutia kwake hata upana wa uzi, utando utalala kwenye bamba ugande. Akiulegeza, vilevile utaganda. Akiukaza kupita kiasi, besi itakufa. Haruhusiwi kuwa na upande.”

Nimemfikiria sana mtu huyo, fundi wa Kijapani nisiyemjua jina, ambaye siku moja kama miaka arobaini na zaidi iliyopita aliuwamba utando huu. Ngoma zetu zikilegea tunazianika juani au tunaziotesha moto, ngozi ikajivuta upya. Kiwambo hiki hakina dawa hiyo. Mvutano aliouacha yeye asubuhi ile, au jioni ile, ndio huu huu ninaousikia leo. Hakuna aliyeuongeza wala aliyeupunguza. Kazi ya mkono wake bado inafanyika, kila usiku ninapozivaa, bila yeye kuwepo. Sijui ni vitu vingapi nyumbani mwangu ambavyo naweza kuvisemea hivyo.

Kampuni yenyewe ilianzishwa mwaka 1938. Mwaka 1957 Peter Walker, Mwingereza wa Huntingdon, alianza kuuza spika kubwa za Quad zenye nasaba hii hii ya utando na mabamba, na mwaka 1959 Stax wakaonyesha Tokyo hedifoni za kwanza duniani za aina hiyo. Lambda za ami zilizaliwa 1979. Kati ya hapo na leo kuna mwaka mmoja ninaouheshimu kuliko yote. Mwaka 1995 kampuni ilifilisika, na 1996 wafanyakazi wake wa zamani wakaianzisha upya kwa mikono yao, kwa sababu kazi hiyo walikuwa wanaijua na hawakutaka ife. Mwaka 2011 ikanunuliwa na Edifier ya China. Mimi hurudi kila mara kwenye ule mwaka 1996, kwa wale watu waliopoteza mwajiri na hawakuiacha kazi.

Siku ya ami ilikuwa Ijumaa baada ya Isha, mtaa wa Kibokoni ukishatulia. Alifunga madirisha ya upande wa bahari, maana upepo wa chumvi ni adui. Aliosha uso na masikio kwa sabuni, akajifuta mpaka akakauka kabisa, maana jasho na mafuta ya nywele pia ni adui. Aliziunga hedifoni amplifaya ikiwa imezimwa, kamwe si ikiwa imewaka. Ndipo akawasha transfoma nzito iliyoshusha umeme wetu wa volti 240 hadi volti 100 za Kijapani, kisha amplifaya yenyewe. Halafu alikaa, mikono juu ya mapaja, hakuna muziki, akiuacha utando unywe chaji yake.

Nilikuwa na miaka tisa.

“Ami, mbona huanzi?”

“Nimeshaanza.”

Siku aliyoniruhusu kuzivaa nilizishika kwa pupa na kuzibandika masikioni kama mtu anayefunika sufuria. Nikasikia “pu!” upande mmoja, kisha kimya. Hewa niliyoibana ilikuwa imeusukuma utando ukashikwa na bamba. Nilianza kulia. Ami hakunikemea. Alizivua kichwani mwangu polepole, akazima kila kitu, akaziweka juu ya kitambaa, akaniambia niende nikanywe chai kwa nyanya. Niliporudi aliziwasha tena, utando ulikuwa umejiachia wenyewe, na safari hii alinionyesha jinsi ya kuzileta sikioni kwa kuanzia nyuma, ukingo mmoja kwanza, ili hewa ipate pa kutokea. Mpaka leo sijui kuzivaa kwa njia nyingine.

Unyevu wa pwani ndio uliomtesa zaidi. Chaji inapenda kukaa pakavu, nasi tunaishi mahali ambapo chumvi ya mezani inalowa ndani ya kopo. Alikusanya vile vipakiti vidogo vinavyotiwa kwenye maboksi ya viatu vipya. Wauza viatu walimzoea, wakawa wanamwekea. Akapasua karatasi, akamimina chembe kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo, akizigeuza kwa mwiko kama anayekaanga bisi, na zikishapoa mkewe akazitia kwenye vifuko vya bafta alivyovishona mwenyewe kwa mkono. Mwanamke huyo hakuwahi kuzivaa hedifoni zile, lakini mishono yake ndiyo iliyozihifadhi. Ni midogo, sawasawa, hakuna hata mmoja uliofumuka.

Na pedi zilipochanika, sponji ya ndani ikawa unga mweusi unaodondoka shingoni, ami alizipeleka kwa fundi viatu wa Makadara. Nilikwenda naye. Mzee yule alikuwa hajaona kitu kama kile maishani mwake. Alikishika kwa vidole viwili kama anayeshika kifaranga, akauliza swali moja tu: “Kinachovunjika kiko wapi?” Ami akamwonyesha. Kuanzia hapo mkono wa fundi haukukaribia tena upande ule. Alishona pedi mpya za ngozi laini ya kondoo, akaacha pengo la hewa pale pale alipolikuta kwenye zile kuukuu, bila kuambiwa. Ndizo ninazozitumia.

Kuna kanda moja. Ni ya harusi ya shangazi yangu mdogo, mwaka 1983, aliyoirekodi ami mwenyewe kwa kaseti yenye maikrofoni mbili aliyokuja nayo safari hiyo hiyo. Kushoto ni upande wa wanawake, kulia ni wapigaji. Kinachoongoza ni tashkota. Ami alipenda kusema kwamba Japani imetuletea mara mbili: kwanza chombo cha kupigia, kisha chombo cha kusikilizia. Ni kweli. Tashkota ni taishogoto ya Kijapani, iliyobuniwa Nagoya mwaka 1912 na Goro Morita, ikapita Bara Hindi kabla ya kufika kwenye taarabu yetu, na hapa Mombasa ikapata sauti ambayo huwezi kuichanganya na ya mahali pengine popote. Katika spika za kawaida kanda ile ni vigelegele, mvumo na wimbo mmoja mzuri. Katika hedifoni za ami unasikia vidole vikiacha vitufe vya tashkota. Unasikia mwimbaji akivuta pumzi, na kati ya ubeti wa pili na wa tatu, kushoto, mbali kidogo, nyanya yangu akisema: “Mpeni mtoto maji.”

Ni maneno matatu. Hakuna rekodi nyingine ya sauti yake. Picha tunazo, leso zake zimegawanywa, lakini jinsi alivyolitamka neno “mtoto”, akiilegeza ile “o” ya mwisho kana kwamba anamkalisha mtu mapajani, imebaki pale tu, chini ya wimbo, kwa muda usiofika sekunde mbili. Mama anasema mtoto mwenyewe nilikuwa mimi. Nimeisikiliza kwa hedifoni nyingine nyingi, za bei ndogo na kubwa. Sauti inasikika kama kitu, kama mtu amesogeza kiti. Maneno hayasikiki.

Ndiyo maana inanichoma nikiwaona vijana wetu wakinunua vile vya kutia masikioni visivyo na waya, vyenye betri iliyofungiwa ndani kwa gundi, vikidumu mwaka au miwili na kutupwa. Siwalaumu kwa kutaka muziki njiani; hedifoni za ami hazifai kwenye matatu, zinavuja sauti pande zote na zinataka mtu aliyekaa. Ninacholilia ni kwamba vitu vile vimetengenezwa visipate mtunzaji. Hakuna skrubu, hakuna pa kumpelekea fundi viatu, hakuna cha kushonewa kifuko. Mtoto anayekua na vyombo vya namna hiyo atajifunzia wapi kuuliza lile swali la mzee wa Makadara?

Nilipata jibu nami. Miaka michache baada ya ami kufariki, Mungu amrehemu, nilizipeleka kwenye duka moja la kutengeneza simu kwa sababu zilikuwa zikikwaruza kidogo. Niliomba wakague plagi peke yake. Nilipogeuka kupokea simu, kijana alikuwa amekwisha kuchukua lile bomba la upepo wanalopulizia vumbi na kuupuliza upande wa kushoto kupitia wavu. Alitaka kusaidia. Sekunde tatu, pengine nne. Kosa ni langu: ami asingeziachia mkono. Tangu siku hiyo upande wa kushoto hujaa polepole kuliko wa kulia, na kila mvua za mwaka zikija huondoka mapema zaidi.

Safari hii zilikaa sandukuni siku kumi na moja. Nilikaanga chembe mara mbili. Ijumaa nilifunga madirisha, nikaosha masikio, nikaunga, nikawasha, nikakaa. Kulia kulijaa. Kushoto kulirudi nusu, sauti nyembamba, kama inayotoka nyumba ya pili. Nikaiweka kanda. Kati ya ubeti wa pili na wa tatu hapakuwa na kitu.

Nilisimamisha kanda na kuirudisha nyuma. Nilizima kila kitu kwa utaratibu wake, nikaenda nyuma ya amplifaya, nikabadilisha waya mbili, nyekundu mahali pa nyeupe na nyeupe mahali pa nyekundu, kisha nikawasha na kungoja upya. Sasa wanawake wako kulia. Nyanya anasema maneno yake karibu kabisa, na “o” yake iko pale pale. Tashkota imekwenda mbali sana, upande wa kushoto, na vidole vya mpigaji sivisikii tena.