Kikombe Chenye Mgongo Katikati

Gurudumu la maji la zamani, lile zuri, hutegemea uzito. Maji hujaa kwenye visanduku vya mbao karibu na kilele, hushuka navyo taratibu, kisha humwagika chini. Mhandisi Mwingereza John Smeaton alilifanyia majaribio kwa kielelezo kidogo, na mwaka 1759 akaripoti kwamba gurudumu hilo huzaa nguvu takriban mara mbili ya lile linalosukumwa na mkondo kwa chini.

Shida yake ni kimo. Sharti lilingane na anguko la maji. Gurudumu la Laxey, katika kisiwa cha Man, la mwaka 1854, lina kipenyo cha mita 22 hivi, nalo linahesabiwa miongoni mwa majitu. Kihansi, hapa Tanzania, maji hushuka zaidi ya mita 800. Seremala gani atathubutu?

Kwa hiyo Kihansi kuna turbini za Pelton. Maji hayabebwi tena. Hushuka yakiwa yamefungiwa, shinikizo likipanda, hadi yachomoke kwenye mdomo mwembamba kwa kasi inayozidi mita 100 kwa sekunde na kupiga vikombe vya chuma vilivyozunguka gurudumu fupi.

Kwa macho napenda gurudumu la mbao. Lakini kikombe hiki ndicho ninachokivulia kofia. Lester Pelton, fundi wa machimbo ya dhahabu ya California, alipata hataza yake mwaka 1880. Kina umbo la vifuu viwili vya nazi vilivyounganishwa ubavu kwa ubavu, na pale vinapokutana pana mgongo wenye makali. Maji yakifika hapo hupasuka nusu kwa nusu, kila nusu huambaa ukuta wa kifuu chake na kugeuzwa karibu kurudi yalikotoka. Karibu tu: yakirudi moja kwa moja yatapiga kisogo cha kikombe kinachofuata. Kikombe nacho hukimbia karibu nusu ya kasi ya maji, hivyo maji hutoka yameishiwa mbio, yakaanguka tu. Hata ncha ya kikombe imekatwa pengo, kisije kikaingia njiani mwa maji kabla ya zamu yake.

Mchanga ndio adui. Huula ule mgongo mpaka ukawa butu, na maji yakaanza kugonga badala ya kuteleza. Mafundi huujaza kwa kuchomelea, kisha husaga kidogo kidogo, wakipachika kigezo, wakichungulia mwanga unaopenya, wakisaga tena.