Hirola, Migunga na Ruzuku ya Mwanafunzi

Kwa miaka mingi kila mtu Garissa, Kenya, alikuwa na jibu lake kuhusu hirola, swala wanaokwisha: sotoka ya miaka ya 1980, majangili, simba, ukame. Serikali ilijaribu kuwahamishia Tsavo Mashariki mwaka 1963, ikarudia 1996, na safari hiyo wakazi wakaenda mahakamani kupinga mnyama wao kuchukuliwa. Waliokuwa zaidi ya 10,000 miaka ya 1970 hawafiki 500 leo. Sotoka imeshatokomezwa duniani tangu 2011. Sasa mbona hawaongezeki?

Aliyelifuatilia swali hilo hadi mwisho alikuwa mwanafunzi. Abdullahi Hussein Ali, mwana wa Garissa, alilifanya tasnifu yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Wyoming, Marekani, akisaidiwa pia na mpango wa EDGE wa Zoological Society of London, unaowafadhili watafiti chipukizi. Anayeandika bajeti yake ya kwanza ya utafiti na aitazame kazi hii kwa makini.

Sehemu yake kubwa ilisimama juu ya kitu cha bure. Picha za setilaiti za Landsat zilifunguliwa kwa wote mwaka 2008, na kwa kulinganisha za zamani na za karibuni ilionekana kwamba kati ya 1985 na 2012 miti iliongezeka kwa asilimia 251 katika makazi ya asili ya hirola. Palipokuwa na eka moja ya miti, sasa pana eka tatu na nusu.

Lakini picha haisemi mnyama anapenda wapi. Hapo ndipo fedha zilipohitajika: kola za GPS shingoni mwa hirola. Walichagua nyasi za wazi, wakakwepa vichaka. Ingia kwenye kichaka cha migunga utaelewa: chini ni udongo mtupu, na hatua ishirini mbele huoni kitu. Hirola ni jamaa ya kongoni. Anaishi kwa nyasi na kwa kumwona adui akiwa mbali. Humo hapati lolote kati ya hayo. Ndovu waliokuwa wakiiangusha miti hiyo waliuawa, na mifugo ilipozidi, nyasi zikapoteza nguvu ya kushindana na miti.

Kisha wakazi wakahojiwa, na kwangu hiki ndicho kipengele chenye thamani kuliko vyote. Walikubali ndovu walindwe, nyasi zipandwe, miti ing'olewe. Kupunguza mifugo walikataa. Mradi ambao ungeanza kwa kumwambia mfugaji auze ng'ombe ungekufa siku ya kwanza, hata kama ungekuwa na kola mia moja.

Kinachonisumbua ni muda. Ruzuku nyingi za wanafunzi ni za mwaka mmoja au miwili, ilhali nyasi za huku husubiri misimu miwili ya mvua, gu na deyr. Kuanzia Oktoba 2020 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo. Mwanafunzi aliyepewa ruzuku ya miaka miwili mwezi huo alipaswa kuandika ripoti ya nyasi bila kuona hata msimu mmoja mzuri wa mvua.